Siku Eveline Aliposoma kwa Jina la Telesia

Asubuhi za Njombe mwezi wa saba hazina huruma na mtu. Nyasi zinaganda hadi zinakuwa nyeupe, bomba linagoma kutoa maji, na blanketi halitaki kumwachia mtu aende zake. Eveline aliamka hivyo hivyo kwa kujikaza, akanawa uso kwa maji ya birika, akavaa sweta mbili, akachukua ukuni wake mmoja na kutoka. Kila mwanafunzi wa Shule ya Msingi Lugendo alitakiwa kufika na ukuni wa kupikia uji. Asiye na ukuni aliunywa uji huo akitazamwa vibaya na mpishi, na hakuna aliyelipenda lile jicho.

Kwenye kona ya njia, karibu na misonobari, rafiki yake Telesia alikuwa tayari anamsubiri, mikono kwapani. Wote wawili walikuwa darasa la nne, ingawa Telesia alimzidi Eveline umri na urefu. Familia yake ilikuwa imetoka Iwawa, kule Makete, baba yake alipokuja kukodi shamba la viazi. Nyumbani kwao walisema Kikinga tu. Alipoanza shule huku Njombe, Kiswahili kilimpita masikioni kama upepo, na alipokuja kukielewa, wenzake walikuwa wameshatoka kwenye herufi zamani. Hakuna aliyerudi nyuma kumchukua.

"Ukurasa wa leo ni upi?" Telesia aliuliza.

Eveline alifungua kitabu huku wanatembea, akamsomea. Telesia alisikiliza, akarudia mara moja, ukurasa wote ukakaa kichwani. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi. Kumbukumbu ya msichana yule ilikuwa ya kutisha. Nyimbo zote za kwaya ya Jumapili alizijua, na mistari ya Biblia alikuwa anaitoa mmoja baada ya mwingine bila kukwama. Kusoma tu ndiko hakukujua. Ukimwonyesha neno peke yake, nje ya ukurasa aliousikia, alikuwa analitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango usio na kitasa.

Utauliza, mwalimu alikuwa hajui? Ngoja nikueleze darasa lenyewe lilivyokuwa, kisha useme wewe.

Watoto walikuwa zaidi ya mia katika chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati, wengine sakafuni juu ya magunia. Mbele alisimama Mwalimu Sadock, sauti imekauka kwa baridi na chaki. Alisoma sentensi moja, darasa zima likaipokea kwa kelele. Akasoma ya pili, wakaipokea. Ukipita nje ungesema hawa wanasoma kama watangazaji wa redio, kumbe nusu yao walikuwa wanaimba tu. Mwalimu Sadock alikuwa mtu mwema aliyechoka. Nalisema hili mapema ili usije ukamhukumu haraka, maana kuna mahali katika kisa hiki utatamani kumhukumu.

Telesia alikuwa ameshalirudia darasa la nne mara moja, baada ya kushindwa upimaji wa mwisho wa mwaka. Mwaka huu baba yake, mzee Nahumu, alikuwa ameshatoa kauli.

"Amesema nikishindwa tena, narudi Iwawa kwa bibi," Telesia alimwambia Eveline siku ile walipokuwa wanakaribia shule. "Nikalime viazi. Anasema shule inanipotezea muda."

"Mama yako je?"

"Mama amenyamaza."

Eveline alikifunga kitabu. Alimpenda rafiki yake, na wazo la kutembea njia ile peke yake lilimuumiza.

Siku hiyo hiyo wageni wakaja. Gari lao lilikuwa limejaa tope hadi kwenye vioo. Alishuka dada mmoja mwenye koti kubwa na kofia ya sufu, akajitambulisha ofisini kwa jina la Germana. Alikuwa mtafiti wa mambo ya ufundishaji, na wenzake wawili walikuwa wameshukia shule nyingine.

"Huu ni utafiti, siyo ukaguzi," aliwaambia walimu. "Tunataka kujua watoto wa darasa la nne wanasoma kwa kiwango gani. Hatumpi mwalimu alama, wala hatumsemi mtu."

Walimu waliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia nesi anayekwambia sindano haiumi. Mwaka uliotangulia shule ya Lugendo ilikuwa imeshika mkia katika kata. Kwenye kikao cha matokeo walimu wake walisimamishwa mbele ya wenzao kama watoto waliochelewa namba ya asubuhi. Mwalimu Sadock alikuwa mmoja wao. Tangu hapo, mgeni yeyote mwenye kalamu alimtia hofu.

Dada Germana alichagua majina kwa bahati nasibu, akaomba aletewe watoto wenye majina hayo, mmoja mmoja, kwenye stoo ya majembe ambako alikuwa amewekewa meza. Jina la Telesia likatoka.

Mwalimu Sadock akaja hadi kwenye dawati lao, akainama.

"Telesia, nenda jikoni ukamsaidie mpishi kuchochea moto."

Telesia akainuka akaenda. Alikuwa amezoea kutumwa.

"Eveline, njoo nje."

Nje baridi ilikuwa inachoma. Mwalimu hakumtazama machoni. "Huyo dada akiita Telesia, wewe itika. Uingie usome vizuri, utoke."

"Lakini mimi ni Eveline, mwalimu."

"Najua wewe ni nani. Nimekufundisha mimi. Wenzako wengine pia nimewabadilisha, hauko peke yako." Akajifuta pua kwa leso. "Usiniulize maswali, mwanangu. Nimechoka."

Mtoto wa darasa la nne atamjibu nini mwalimu wake? Eveline alisema ndiyo. Aliogopa, lakini nisikufiche, kwa mbali alijisikia vizuri pia. Alikuwa amechaguliwa kwa sababu anajua.

Ndani ya stoo, Dada Germana alimpa karatasi yenye hadithi fupi ya mama aliyepoteza mbuzi. Eveline aliisoma kuanzia juu hadi chini bila kusimama, akajibu na maswali yake. Dada Germana akagusa gusa simu yake kubwa.

"Umesoma vizuri sana, Telesia," alisema.

Jina lile lilimgonga. Eveline alitazama majembe yaliyoegemezwa ukutani. Angeweza kuondoka, lakini aliona ni afadhali aulize kitu, chochote kile.

"Dada, mnatupima ili iweje?"

Dada Germana alitabasamu kidogo. Naye alionekana hajalala vizuri. "Tukikuta shule ambayo watoto wengi wamefika darasa la nne bila kujua kusoma, tunaiombea mwalimu wa ziada na vitabu vya hadithi. Kila siku, kwa muda kidogo, watoto wanapangwa kwa kile wanachokijua, bila kujali darasa. Asiyejua herufi anaanza na herufi. Anayejua herufi anakwenda kwenye maneno. Hakuna kuimba kwa pamoja. Tumejaribu mahali pengine, wengi wamesoma ndani ya miezi michache."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa."

"Na hapa kwetu mtaleta?"

"Hapa hamhitaji, mdogo wangu. Karibu wote niliowasikia leo wanasoma. Walimu wa ziada ni wachache, tutawapeleka shule nyingine, huko upande wa Makambako." Akafunga simu. "Niitie anayefuata."

Eveline alitoka. Uji ulikuwa tayari, na aliyekuwa anaugawa jikoni, macho mekundu kwa moshi, ni Telesia. Alimjazia rafiki yake kikombe hadi juu. Eveline akakishika, akashindwa kuunywa uji.

Jioni, mama yake Eveline alikuwa uani anachambua viazi vya kupeleka sokoni Makambako. Baba yake, Aron, alikuwa ameketi kwenye kigoda anashona gunia. Eveline alikaa kando ya mama yake, akaanza kuchambua naye, akawa anatupa vibovu kwenye vizima.

"Wewe leo uko wapi?" mama aliuliza.

Ndipo akalitoa lote. Alisema kuhusu stoo, jina, mbuzi wa kwenye karatasi, mwalimu wa ziada ambaye hatakuja. Alipofika kwa Telesia jikoni, machozi yalimshinda.

Mama hakumkaripia. Alikuwa na siku nzima mgongoni, na hata hasira ilihitaji nguvu. Alimgeukia mumewe.

"Baba Eveline, mweleze mtoto habari za udongo."

Baba akaguna. "Habari za zamani hizo."

"Za mwaka juzi. Mweleze."

Baba aliweka sindano chini. "Bwana shamba alikuja kuchukua udongo wa kupima, ili atuambie shamba linataka nini. Akaniambia nimchotee udongo wa kule juu kwenye mahindi. Ule udongo umechoka, hata magugu hayaoti vizuri. Nikaona aibu. Kijana wa watu amekuja na viatu visafi, nimpe uchafu ule? Nikamchotea wa nyuma ya zizi, mweusi, umejaa samadi."

"Halafu?"

"Halafu majibu yakaja. Shamba lako halina tatizo, mzee, endelea hivyo hivyo." Baba akacheka bila furaha. "Mahindi yakatoka manjano, membamba hivi."

"Tukanunua unga mwaka mzima," mama akamalizia. "Na bwana shamba tulimlaumu sisi sisi, kwamba vipimo vyake ni vya uongo."

Kisha Eveline akauliza kama mama angeenda naye kwa mwalimu.

"Nitaenda ikibidi," mama alisema. "Lakini anza na mwenye jina lake. Hilo jina ulilolitumia ni la mtu, na mwenyewe hajui."

Huo ndio ulikuwa ushauri mgumu kuliko yote. Kesho yake asubuhi, kwenye njia ya misonobari, Eveline hakufungua kitabu. Alisema maneno yote kwa mkupuo, akitazama viatu vyake.

Telesia alisimama. "Kwa hiyo kwenye simu ya yule dada, mimi najua kusoma."

"Ndiyo."

"Nimefaulu nikiwa jikoni nachochea uji." Alicheka kicheko kibaya, kisha kikakatika. "Na huyo mwalimu wa ziada amekwenda Makambako."

"Nisamehe, Telesia. Mwalimu aliniambia."

"Hata kama," Telesia alisema. "Kila siku unanisomea, nakushukuru. Lakini wewe ukiumwa siku moja tu, mimi sina kitu. Nilikuwa namtaka mwalimu huyo kuliko kitu chochote. Hata nguo ya Krismasi siitaki namna hiyo."

Eveline alilia. Telesia alimtazama, hasira na huruma vikishindana usoni pake. Mwishowe alimvuta mkono.

"Acha kulia, utaganda uso. Twende kwa mwalimu."

"Ninaogopa. Utaona aibu."

"Aibu ninayo kila siku, Eveline. Nimeshaizoea. Wewe ndiyo utaisikia leo."

Walimkuta Mwalimu Sadock peke yake ofisini, amezungukwa na marundo ya madaftari ambayo hayakuwa yamesahihishwa. Chai yake ilikuwa imepoa ikafanya utando juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Eveline alieleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, lakini alieleza. Uso wa mwalimu ulibadilika. Alikwenda akafunga mlango.

"Mnajua mnachoniomba?" alisema kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliwatisha kuliko kama angefoka. "Mnataka nimpigie mgeni simu nimwambie mimi ni mwongo? Mnajua nitaitwa wapi? Nina watoto zaidi ya mia humu ndani, niko peke yangu, na bado darasa la tano linanisubiri. Nani ananiuliza mimi naendeleaje?"

Na kweli, hakuna aliyekuwa anamuuliza.

Telesia alisogea mezani. "Mwalimu, naomba kitabu. Ambacho hatujakisoma darasani."

Mwalimu alimpa kimoja bila kufikiri. Telesia alikifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ni 'ma'," alisema. Kidole kikasogea. "Hii siijui." Kikasogea tena. "Hii nayo siijui. Hii ni 'ka', nadhani. Hii siijui."

Aliendelea hivyo hadi mwisho wa mstari, hakuruka hata silabi moja. Eveline alitamani kuziba masikio. Telesia alipofika kwenye nukta, alikifunga kitabu akakirudisha.

"Lakini mbona kila siku ninakusikia unasoma na wenzako?" mwalimu aliuliza.

"Ninaimba, mwalimu."

Mwalimu Sadock alivua miwani, akaishika mkononi kwa muda mrefu. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu tangu mwaka uliopita. Alijua kwamba ni mzito, ndivyo alivyokuwa anawaambia walimu wenzake: yule mrefu wa Makete ni mzito. Sasa aliona kwamba mtoto anayeweza kubeba kitabu kizima kichwani bila kujua herufi hawezi kuwa mzito. Aibu aliyoisikia pale haikuwa ile ya kikaoni. Hii ilikuwa nzito zaidi, na hakuna mtu aliyekuwa amemsimamisha.

Alikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu, akakaa huko kwa muda. Alipotoka, alisimama kwenye varanda na kupiga simu, wasichana wakiwa karibu.

"Dada Germana, kamwene," alimsalimia kwa Kibena. "Ni Mwalimu Sadock wa Lugendo. Watoto niliokuletea jana si wale uliowataja." Akasikiliza. "Ndiyo. Mimi mwenyewe. Mwalimu mkuu nimeshamwambia." Akasikiliza tena, amefumba macho. "Najua mtapoteza siku. Naomba mrudi."

Walirudi. Dada Germana hakuwa na furaha, na hakuficha hilo. Alikuwa ametoka Makambako alfajiri kwenye manyunyu ya baridi, kazi ya siku nzima imefutwa. Hakumpongeza mtu kwa kusema ukweli. Alimwambia tu Mwalimu Sadock, "Nipe majina yale yale. Safari hii niwaite mwenyewe," akaingia stoo.

Mwalimu alizunguka nyuma ya stoo, akasimama chini ya dirisha dogo, mvua ikimlowesha mabega. Alimsikia Telesia akishindana na silabi. Akamsikia na mwingine, na mwingine. Elius, yule mchekeshaji wa darasa ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa inaongoza kuitikia, alisoma habari ya mbuzi yote kwa kasi, na alipoulizwa ni nani amepotea, akasema mama. Wengi hawakufika hata mstari wa pili. Mwalimu Sadock alisimama pale hadi mtoto wa mwisho alipotoka. Hakuna aliyemwambia asimame, na hakuna aliyemwambia aondoke.

"Siwaahidi kitu," Dada Germana alisema wakati anaondoka. "Nitapeleka nilichokiona." Lakini kabla ya kupanda gari alimshika Telesia begani, akamuuliza jina lake, na Telesia akalitaja.

Mwalimu Sadock aliitwa ngazi ya juu, kama alivyojua. Alirudi amepewa onyo, macho yamezama, akaingia darasani na kuendelea na kipindi. Majuma yalipita, baridi ikapungua, na siku moja aliteremka kwenye bodaboda msichana mmoja mwembamba aliyekumbatia boksi la vitabu. Alikuwa Mwalimu Irine, mwalimu wa ziada.

Usidhani mambo yalikuwa matamu. Watoto walipangwa kwa wanachokijua, na Telesia akajikuta kwenye kundi la herufi, pamoja na watoto wa darasa la pili. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Elius alimwita bibi wa darasa la pili, hadi naye alipowekwa kundi la kuelewa habari pamoja na watoto wa la tatu, akanyamaza. Mwalimu Irine hakuruhusu kuimba. Alisikiliza mtoto mmoja mmoja, akapanga herufi kwa vifuniko vya chupa, akawafanya wazisogeze kwa mikono yao. Baadhi ya siku Telesia alirudi nyumbani kichwa kinamuuma, akasema haiwezekani, yeye amechelewa. Kesho yake akaenda tena.

Ndipo habari zikamfikia mzee Nahumu kwamba binti yake amerudishwa darasa la pili. Alikuja shuleni moja kwa moja kutoka shambani, buti zimejaa udongo, begi la nguo za Telesia begani. Alisimama kwenye mlango wa darasa wakati wa kipindi cha makundi.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua mtoto," alisema. "Kesho anapanda gari la Iwawa. Alikuwa la nne, sasa yuko la pili. Mwakani mtamweka chekechea?"

Telesia alitazama begi, akaona sweta lake jekundu limejitokeza kwenye zipu, akajua baba hatanii.

Mwalimu Sadock alikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema mtoto ni mzito. Angeweza kusema ni lugha, nyumbani wanasema Kikinga. Eveline alimwona anaweka chaki chini.

"Mzee Nahumu, mtoto wako hakushindwa kusoma," alisema mbele ya wote. "Mimi nilishindwa kumfundisha. Kisha wakaja watu wa kumsaidia, mimi nikamficha jikoni."

Mzee Nahumu alimkazia macho. "Miaka yote hiyo mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunaimba, mzee. Watoto ni wengi, sauti yangu imeisha. Niliwasikia wanaitikia vizuri nikajiambia wanasoma. Kumjua nani hajui kungeniongezea kazi, na mimi nilikuwa nimechoka. Huo ndio ukweli."

Mzee alikaa kwenye ncha ya dawati. Yeye naye alikuwa amechoka, mtu wa viazi na mvua na magari yanayokwama. Huenda alikuja amejiandaa kugombana, na sasa hakuona wa kugombana naye.

"Sasa anajua nini?" aliuliza.

Mwalimu Irine alichukua kitabu kipya kutoka kwenye boksi na kumpa Telesia. Kilikuwa bado kinanukia gundi. Hakuna aliyekuwa amemsomea kitabu hicho. Telesia alisimama.

"Ju-ma a-li-kwe-nda," alianza. "Juma alikwenda. Juma alikwenda so... sokoni. Ku... ku-nu..."

Akakwama. Eveline, kwenye kundi la jirani, alikuwa anaona ukurasa vizuri. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na kwa mara ya kwanza maishani kulizuia kulikuwa kazi kubwa kuliko kulisoma. Aliuma mdomo. Mzee Nahumu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani.

"Ku-nu-nu-a," Telesia alisema. Akavuta pumzi. "Kununua. Kununua mbegu."

Hakuna aliyepiga makofi. Baba yake alisema jambo kwa Kikinga, polepole, na Telesia akamjibu kwa Kikinga, akafuta macho kwa mkono wa sweta. Mzee akasimama na kulipachika begi begani.

"Hili narudi nalo nyumbani," alimwambia mwalimu. "Yeye abaki. Lakini nitakuwa ninakuja kumsikiliza mwenyewe, bila kukuambia siku."

"Karibu wakati wowote, mzee."

Mwisho wa mwaka Telesia alifaulu upimaji kwa tabu, kwa alama za kubanana mlangoni, akaingia darasa la tano. Bado alikuwa anasoma polepole. Alipokutana na neno refu alisimama, akalitazama, akalivunja vipande.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Sadock alimwita Eveline na Telesia pale varandani. Alionekana mzee kuliko mwanzo wa mwaka.

"Nilidhani naficha aibu ya shule," alisema. "Kumbe niliyekuwa namficha ni mtoto. Mtoto asiyejua akionekana, anafundishwa. Akifichwa, anabaki pale pale, na sisi tunaendelea kusifiwa. Mlikumbuke hilo mkiwa wakubwa, kazi yoyote mtakayofanya."

"Ndiyo, mwalimu," walisema.

Walipoanza kuondoka, alimrudisha Eveline.

"Mwakani madarasa hayatapungua, na mimi sitakuwa kijana. Nitachoka tena. Na mtu aliyechoka anaweza kukutuma useme uongo, akaona ni jambo dogo." Alikohoa, akatafuta sauti yake. "Siku hiyo ikija, Eveline, nikatalie. Nikatalie kwa adabu, lakini nikatalie."